Kuta Zisipotaka Kukutana: AutoCAD, Revit au ArchiCAD?

Kona ndiyo inayomuumbua mchora ramani. Dirisha likikaa vibaya mteja anaweza asilione, lakini kona ambayo mistari yake haijafikiana, au imepitiliza, au imeacha kijipembe cheupe katikati ya tofali, huonekana hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika rula. Hasara yenyewe haiishii kwenye sura ya mchoro. Kona yenye mwanya wa milimita 2 inaweza kuifanya programu ione kwamba chumba hakijafungwa, ikakataa kukipimia eneo. Kuta mbili zikipandana, tofali za kona zinaweza kuhesabiwa mara mbili, na mkadiriaji majenzi akalibeba kosa hilo hadi kwenye jedwali la gharama.

Ulinganisho huu ni wa aliyekwama kati ya programu tatu za kuchora ramani za majengo kwa kompyuta: AutoCAD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, Revit, iliyotoka mwaka 2000 na kununuliwa mwaka 2002 na Autodesk, kampuni ile ile ya AutoCAD, na ArchiCAD ya Graphisoft, kampuni iliyoanzishwa Budapest, Hungaria. Zote tatu zinaweza kukutolea kona safi. Zinatofautiana katika namna zinavyoamua kona iweje, na katika urahisi wa kuujua uamuzi huo pale unapokuwa mbaya. Kwangu hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza, na msomaji atakayeona naliegemea asishangae.

Vigezo

Nimezipima kwa maswali matano. Programu inajuaje kwamba kuta mbili zimekutana? Ukuta wenye lipu na tofali unafanya nini pale unapopokea ukuta mwingine kwa umbo la T? Kona isiyo ya mraba inatoka vipi? Nguzo na vyumba vinaathirikaje? Na kona ikigoma, unatazama wapi? Mambo ya leseni, mashine na mafaili nimeyaweka mwishoni kwa ufupi. Bei sizitaji, maana hubadilika kila mwaka na kila nchi.

Ili tusiongee hewani, tuchukue nyumba moja ya tofali za inchi 6. Kuta za nje tofali zimelazwa, kwa hiyo unene ni milimita 230. Kuta za ndani tofali zimesimamishwa, milimita 150. Kila upande una lipu ya milimita 15. Ukuta wa nje ukimalizika una 260, wa ndani una 180. Kwenye kona za nje kuna nguzo za zege.

Programu inajuaje kwamba kuta zimekutana

AutoCAD haijui. Kwake hakuna ukuta. Kuna mistari miwili sambamba, na wewe ndiye unayejua kwamba katikati yake kuna tofali. Unachora mstari mmoja, unatoa wa pili kwa OFFSET ya 230, kisha unasafisha kona kwa FILLET yenye nusu kipenyo sifuri, au kwa TRIM. Uzuri wake ni kwamba hakuna kitu kinachojibadilisha bila wewe kuagiza. Ubaya wake ni kwamba ukisogeza ukuta kwa MOVE, inayohamisha mistari hiyo peke yake, badala ya STRETCH, inayovuta na ile iliyoungana nayo, kona zote ulizokwisha kusafisha zinafunguka.

Ipo njia ya kasi zaidi, MLINE, inayochora mistari sambamba kwa mkupuo mmoja. Hapo unachagua kama unafuata ukingo wa juu, katikati au ukingo wa chini, na kona za L hujifunga zenyewe ukiendelea kuchora bila kukata. Makutano ya T na ya msalaba husafishwa kwa MLEDIT, ambayo ina kidirisha cha vifaa kumi na viwili. Wengi huiacha baada ya jaribio la kwanza kwa sababu moja tu: mpangilio wa kubofya una maana. Kwenye T, bofya kwanza ukuta unaoishia pale, ndipo ubofye ule unaoendelea. Ukigeuza mpangilio, programu inakata ukuta usio wake.

Revit inamjua ukuta kama ukuta. Ukifikisha ncha ya mmoja kwa mwingine, inaziunga yenyewe. Kila ukuta una mstari wake wa mahali, wenye nafasi sita za kuchagua: katikati ya ukuta wote, katikati ya kiini (tofali bila lipu), nyuso mbili za nje kabisa ambako lipu inaishia, na nyuso mbili za kiini. Mstari huo ndio unaobaki pale pale ukibadilisha aina ya ukuta. Kama ulichora nyumba yetu kwa mstari wa katikati, kisha mteja akasema ukuta wa nje nao usimamishwe, unene unashuka kutoka 260 hadi 180, na kila uso unarudi ndani kwa milimita 40. Ulichora kwa uso wa nje? Milimita zote 80 zinaingia chumbani, na mpaka wa jengo hausogei. Kwenye kiwanja kilichobana, chagua hili kabla hujachora ukuta wa kwanza.

ArchiCAD nayo ina mstari wa aina hiyo, mstari wa rejea, ila humo umepewa mamlaka makubwa zaidi. Kuta huungana pale mistari yao ya rejea inapokutana. Miili ya kuta kugusana tu haitoshi. Unaweza kuona kuta mbili zimeshikana kabisa kwenye skrini na bado kona ikawa mbovu, kwa sababu mstari mmoja uko uso wa nje na mwingine uko uso wa ndani, na ncha zao zimepishana. Tena kuna sharti la pili: leya, yaani makundi ya kupangia vitu vya mchoro. Kila leya ina namba ya makutano, na kuta zilizo kwenye leya zenye namba tofauti haziungani. Leya yenye namba 0 haiungani na chochote, hata kuta zilizo ndani ya leya hiyo hiyo.

Anayeanza huona masharti haya ni usumbufu. Aliyeyazoea huyatumia kama chombo: ukuta wa uzio usiotakiwa kuungana na nyumba unauweka kwenye leya yenye namba nyingine, basi.

Tofali, lipu na makutano ya T

Kwenye jengo letu halisi, fundi akifikisha ukuta wa ndani kwenye ukuta wa nje, tofali hugusa tofali. Lipu inakuja baadaye, inateleza juu ya ukuta wa nje, inakunja kona na kufuata ukuta wa ndani. Mchoro sahihi wa 1:20 unapaswa kuonyesha hivyo: 150 imepenya mahali ambapo lipu ingekuwa, na kugusa 230.

AutoCAD itaonyesha hivyo ukiuchora hivyo. Mistari minne kwa kila ukuta, yote ikatwe kwa mkono. Ukitumia MLINE yenye mistari minne, kifaa cha T kinachounganisha hupeleka hata mistari ya ndani hadi ikutane na wenzake, na hapo kazi inapungua sana. Kasoro yake ni kwamba mtindo wa MLINE ambao tayari umetumika kwenye mchoro haubadilishiki. Ukitaka lipu ya 12 badala ya 15, tengeneza mtindo mwingine.

Revit inaamua kwa namba. Kila tabaka la ukuta hupewa kazi, na kila kazi ina kipaumbele: muundo ni 1, tabaka la kubebea ni 2, la joto au hewa ni 3, umaliziaji ni 4 na 5. Namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Tofali ukiipa 1 na lipu ukiipa 4, T inatoka kama fundi anavyojenga, bila wewe kugusa. Matatizo mengi ya tabaka kwenye Revit yanatokana na mtu aliyetengeneza aina ya ukuta haraka haraka akaziachia lipu na tofali kazi moja ya muundo. Hapo lipu ya ukuta wa ndani inajitokeza ndani ya tofali la nje kana kwamba ilijengwa kwanza.

ArchiCAD inafuata mantiki ile ile kwa upande wa pili wa mizani. Tangu toleo la 17 la mwaka 2013, nguvu haiko kwenye tabaka, iko kwenye kifaa chenyewe cha ujenzi: zege, tofali, lipu. Kila kifaa kina namba kati ya 0 na 999, na hapa namba kubwa ndiyo inayoshinda. Anayehama kutoka Revit asipolishika hili atageuza kila kitu. Faida yake ni kwamba ukishaipa zege 800, tofali 600 na lipu 200, uamuzi huo unafuata kila mahali: ukuta kwa ukuta, ukuta kwa sakafu, boriti kwa ukuta. Hasara yake ni hiyo hiyo. Ukibadilisha namba ya tofali ili kuiponya kona moja, umezigusa kona zote za jengo, pamoja na michoro ya mkato wa wima ambayo hujaifungua wiki nzima.

Neno moja kuhusu skeli. Lipu ya milimita 15 kwenye mchoro wa 1:100 ni milimita 0.15 kwenye karatasi, karibu unene wa kalamu yenyewe. Mistari miwili inaungana na kuwa doa. Kwenye Revit weka mwonekano wa kina kidogo, ukuta uonekane kama kitu kimoja. Kwenye ArchiCAD chagua kuonyesha kiini tu au ukuta bila umaliziaji. Kwenye AutoCAD zima leya ya lipu. Kuna kona zinazodhaniwa mbovu kumbe zimechapwa kwa skeli isiyozifaa.

Kona isiyo ya mraba

Viwanja vya njia panda hutoa pembe kali. Kuta mbili za 180 zikikutana kwa nyuzi 30 na zikakatwa mshazari, mkato wenyewe una urefu wa karibu milimita 700, na jengo linapata ncha kama ya mkuki. Hakuna fundi atakayeijenga, wala lipu itakayodumu pale.

Hapa Revit ina jibu la moja kwa moja. Kifaa chake cha Wall Joins kinakupa chaguo tatu: ukuta mmoja upite na mwingine uishie kwake, zote zikatwe mshazari, au ncha ikatwe mraba. Kwenye chaguo la kwanza unabofya ili kubadilisha ni upi upite. Kwa pembe kali, mkato wa mraba ndio unaofaa mara nyingi.

ArchiCAD, kuta zikiwa za kifaa kimoja cha ujenzi chenye namba moja, hukata mshazari. Ukitaka ncha butu unabadilisha ukuta mmoja kuwa wa umbo huru, ambao kila kona yake unaivuta unakotaka. Ni hatua zaidi, lakini umbo hilo huru lina thamani kubwa mahali pengine. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu kuna kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita na zaidi, na upande mmoja haufanani na mwingine. Vyumba vyake ni vyembamba, kwa kawaida havizidi mita tatu hivi, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Ukuta kama huo ukiulazimisha uwe sambamba kwenye mchoro wa upimaji, chumba cha pili hakifungi na cha tatu kinapinda. Umbo huru linauchukua ulivyo.

AutoCAD kwenye kuta za namna hiyo haina shida yoyote, nasema hili bila kejeli. Unachora nyuso mbili kama zilivyopimwa, umemaliza. Revit ndiyo inayosumbuka: ukuta wake wa kawaida una unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mtu hulazimika kuuumba ukuta kama umbo la pekee, na maumbo hayo hayaungani na kuta za kawaida kwa wepesi ule ule.

Kati ya mraba na kona kali kuna kundi baya zaidi: kona inayokaribia mraba. Ukuta uliopinda kwa nyuzi 0.2 hauonekani kwa macho, lakini kwa urefu wa mita 12 umekwenda upande milimita 42. Revit hutoa onyo kwamba mstari umekengeuka kidogo kwenye mhimili, na watu wengi hulifunga onyo hilo bila kulisoma. Kwenye AutoCAD na ArchiCAD usitegemee kuamshwa. Utajua pale vipimo vya pande mbili za jengo vitakapokataa kulingana.

Nguzo na vyumba

Nguzo ya kona ndipo ArchiCAD inapopumzisha mkono. Zege likiwa na namba kubwa, nguzo inakata tofali yenyewe, na unaweza kuchagua nguzo isimame peke yake au ivikwe umaliziaji wa ukuta. Revit inatofautisha nguzo za usanifu, zinazovikwa lipu ya ukuta zinapogusana nao, na nguzo za muundo, ambazo mara nyingi utaziunga na ukuta kwa Join Geometry. Ofisi nyingi zinataka nguzo za muundo kwa sababu ya mhandisi, kwa hiyo tenga muda wa kazi hiyo. Kwenye AutoCAD nguzo ni mstatili wenye hachi, ile michirizi ya kujazia. Mistari ya ukuta inayopita ndani yake unaikata wewe.

Vyumba navyo ni kipimo kizuri cha afya ya kona. Revit ikikwambia chumba hakimo ndani ya eneo lililofungwa, kuna ncha haijafika. ArchiCAD inaweza kufunga chumba kwa kufuata nyuso za ndani au kwa kufuata mistari ya rejea. Ukijaribu njia ya pili na ikakataa, umepata ushahidi kwamba mistari haikutani, hata kama kuta zinaonekana zimeshikana. AutoCAD ikishindwa kujaza hachi inakuwekea miduara myekundu kwenye ncha zilizo wazi. Ni msaada mkubwa ambao haukuwepo zamani.

Kona ikigoma, tazama wapi

AutoCAD. Vuta karibu sana kwanza. Nusu ya matatizo ni mistari iliyochorwa bila kunasa ncha, ikaishia jirani na mahali pake. Kama ncha zinaonekana zimefika na bado FILLET inakataa, chagua mistari yote miwili na usome kimo cha kila mmoja (Z) kwenye jedwali la sifa. Mchoro uliopokewa kutoka kwa mpima ardhi unaweza kuwa na mistari iliyo juu ya mwingine kwa mita kadhaa. Kutoka juu inaonekana imekutana. FLATTEN inaishusha yote. Kama ukiufuta mstari bado unauona, kuna mwingine chini yake, na OVERKILL itaondoa nakala. Kipo pia kigezo cha HPGAPTOL kinachoruhusu hachi kuruka mwanya mdogo. Kinafaa ukiwa unakimbizana na muda wa kuchapa, ila mwanya unabaki, na atakayepokea faili atauvaa.

Watumiaji wengi wa AutoCAD hawajui kwamba tangu toleo la 2019 usajili wao kamili unakuja pia na vifaa vya Architecture, ambamo ukuta ni ukuta kweli. Humo kila ncha ina duara la usafishaji, na kuta huungana duara likifikia mstari wa jirani. Kona ikishindikana inatokea alama nyekundu ya kasoro. Alama hiyo ikitokea kwenye kipande kifupi cha ukuta, punguza nusu kipenyo cha duara, kwa sababu duara kubwa kuliko kipande linakimeza. Ikitokea kwenye kuta ndefu, kagua kama ziko kundi moja la usafishaji, na kama usafishaji wa kujiendesha haujazimwa. Nadhani ni chaguo linalodharauliwa bila sababu na watu ambao tayari wanalilipia.

Revit. Chagua ukuta na utazame ncha yake. Pengine kuna mtu alizuia kuungana, akasahau. Kuna alama ndogo ya kubofya ili kuruhusu tena. Kisha kagua awamu. Ukuta uliopo na ukuta mpya, vikiwa awamu tofauti, haviungani kwa usafi, na kwenye ukarabati hilo ni jambo jema kwa sababu linaonyesha mahali kazi mpya inapoanzia. Likikukera, huenda kosa ni kwamba ukuta umewekwa awamu isiyo yake. Kuta zilizo kwenye faili lililounganishwa kutoka nje haziwezi kuungana na zako kabisa, basi usipoteze asubuhi. Mwishowe tazama sifa za mwonekano: zinaweza kuwa zimewekwa zisafishe kuta za aina moja tu, na hapo T ya 150 kwenye 230 inabaki na mstari katikati. Onyo la kuta kupandana lisome daima, maana ukuta mmoja unaweza kupuuzwa wakati wa kupima chumba.

Ugumu wa Revit ni kwamba sababu zimetawanyika: nyingine ziko kwenye ukuta, nyingine kwenye aina ya ukuta, nyingine kwenye mwonekano, nyingine kwenye awamu. Anayejua mahali pote hutatua kwa dakika. Asiyejua hufuta ukuta na kuuchora upya, na kwa kuwa mara nyingi dawa hiyo hufanya kazi, hajifunzi kilichotokea.

ArchiCAD. Washa mistari ya rejea ionekane kwa unene, na hakikisha usafishaji wa makutano ya kuta na boriti umewashwa kwenye menyu ya mwonekano. Hatua hizi mbili peke yake huonyesha chanzo cha kona nyingi. Kama mistari haikutani, sogeza ncha, usisogeze mwili wa ukuta. Kama unataka kuhamisha mstari wa rejea kutoka katikati hadi uso wa nje, tumia amri ya kuhariri mstari wa rejea. Ukibadilisha kwenye dirisha la mipangilio, mstari unabaki na ukuta ndio unaohama, na kwa ukuta wetu wa 260 hiyo ni milimita 130.

Mistari ikikutana na kona bado mbaya, fungua leya usome namba za makutano. Kuna mtego hapa unaowachosha hata wazoefu: namba hizo huhifadhiwa ndani ya kila mpangilio wa leya. Kwa hiyo kona inaweza kuwa safi kwenye ramani ya sakafu na mbovu kwenye mwonekano mwingine wa jengo lile lile, bila mtu kugusa ukuta. Kona ikibadilika unapohama mwonekano, usihangaike na kuta. Kagua mpangilio wa leya.

Mashine, leseni na mafaili

Revit ni ya Windows peke yake. AutoCAD na ArchiCAD zipo kwa Windows na Mac. AutoCAD ndiyo nyepesi zaidi kwa kompyuta ya zamani, hasa ukichora kwa vipimo viwili tu. Faili la Revit likishahifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye la zamani, kwa hiyo kubalianeni toleo na mhandisi kabla ya kuanza. ArchiCAD hurudi nyuma toleo moja, AutoCAD hurudi nyuma matoleo mengi. Ukipeleka DWG, faili la aina ya AutoCAD, kutoka Revit au ArchiCAD, kona zako safi hugeuka mistari ya kawaida. Atakayezihariri upande wa pili hana tena akili ya ukuta. Wanafunzi hupata leseni za bure za masomo kwa zote tatu.

Chagua kwa hali yako

Unachora nyumba za kawaida peke yako, unatoa ramani za kibali, kompyuta ni ya miaka mingi: AutoCAD inakutosha. Jifunze MLEDIT na uheshimu mpangilio wa kubofya. Ukiwa na usajili kamili, jaribu vifaa vya Architecture kabla ya kufikiria kuhama.

Unafanya kazi na mhandisi wa muundo na wa umeme wanaotumia Revit, au jengo ni la ghorofa nyingi lenye kuta zinazojirudia: Revit. Gharama yake ni muda wa kutengeneza aina za kuta vizuri mwanzoni, kila tabaka na kazi yake. Ofisi isiyo na mtu wa kusimamia hilo itateseka kwa kona miaka yote.

Unabuni majengo mwenyewe tangu wazo hadi michoro ya fundi, unahitaji michoro ya mkato wa wima ambamo zege, tofali na lipu vinaonekana sawasawa, au unatumia Mac: ArchiCAD. Weka namba za vifaa vya ujenzi mara moja, ziandike mahali, na mtu asizibadilishe peke yake.

Unapima na kukarabati nyumba za kale za pwani: ArchiCAD kwa kuta za umbo huru ukitaka modeli, AutoCAD ukitaka mchoro wa upimaji tu. Revit inawezekana, ila utalipa kwa saa nyingi.

Unarekebisha jengo lililopo kwa awamu, na mteja anataka kuona kipi kinabomolewa na kipi kinaongezwa: hapa Revit inapanda tena, kwa sababu ile tabia ya awamu kutoungana inakufanyia sehemu ya kazi.

Ofisi imeshachagua, wewe umeajiriwa jana: swali la programu limeisha. Tafuta faili la mfano la ofisi, angalia tabaka au namba zilivyopangwa, na usibadilishe chochote kabla ya kujua nani aliyepanga.

Kama bado hujaamua, kampuni zote mbili hutoa muda wa majaribio bila malipo. Chora vitu vinne kwenye kila programu: kona ya L ya kuta za 230, T ya 150 kwenye 230, kona ya nyuzi 30, na kona yenye nguzo. Zikishakaa vizuri, badilisha ukuta wa nje kutoka 230 kuwa 150, halafu hesabu ni kona ngapi unalazimika kuzigusa tena.